Picha Zichekeshazo na Mafunzo ya Kiingereza

Mwaka 1658, mjini Nuremberg katika nchi ya Wajerumani, kilipigwa chapa kitabu cha watoto ambacho mtungaji wake, Jan Amos Comenius, askofu wa Moravia aliyehamishwa kwao kwa ajili ya dini yake akaishi ugenini sehemu kubwa ya umri wake, alikiita kwa Kilatini Orbis Sensualium Pictus. Kilikuwa na sura 150, na kila sura ilikuwa na picha yake. Na ndani ya picha kila kitu kilitiwa namba, na namba ile ile ikaandikwa kando ya jina la kitu hicho kwa Kilatini na kwa Kijerumani, ili jicho la mtoto litoke katika kitu na kulifikia neno bila ya kupitia maelezo marefu ya mwalimu. Mwaka wa pili yake Charles Hoole, mwalimu wa shule mjini London, alikitia katika Kiingereza, na kwa muda uliozidi karne moja watoto wa Ulaya walisomeshwa kwacho.

Mbele ya sura hizo Comenius aliweka jambo ambalo hadhi ya uaskofu haikumzuia kuliweka, nalo ni abjadi ya sauti za viumbe: kunguru alilia akafundisha herufi yake, kondoo akafundisha yake, kisha bata, mbwamwitu, nyoka na mtoto mchanga, kila mmoja kwa mlio wake, hata alfabeti nzima ikatimia. Napenda kumwazia mwalimu wa zama zile, mwenye joho jeusi na fimbo, akilazimika kulia kama bata mbele ya wanafunzi wake kwa kuwa somo limeamuru hivyo. Maana hapo ndipo nionapo asili ya vipande vya katuni vya kuchekesha ambavyo leo vinawafundisha watoto na watu wazima, katika kila bara, maneno ya Kiingereza ya jikoni, ya njiani, ya dukani na ya kitandani. Wanaovidharau kuwa ni upuuzi wa siku hizi hawaijui nasaba yake.

Walakini picha ya kitabu ilikuwa na upungufu ambao Comenius, pamoja na ilimu yake yote, hakuweza kuuondoa. Nyundo, mkate, farasi na dirisha huchoreka, na jina la kila kimoja hushikika. Lakini lugha haisimami kwa majina ya vitu peke yake. Mwenye Kiingereza cha majina matupu hawezi kuomba maji, wala kusema kwamba kikombe kimeanguka, wala kumwonya mwenzake asiingie. Kwa kuwa maneno ya kutenda, na vile vineno vidogo vya mahali na mwelekeo ambavyo Waingereza huvitumia kwa wingi wa kumtaabisha mgeni, huhusu mwendo, na mwendo haukai katika picha iliyosimama. Ili mtoto aonyeshwe kuanguka, ilitakiwa picha ianguke.

Picha ilipata kuanguka mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1908 Mfaransa Émile Cohl alionyesha Fantasmagorie, mchezo mfupi wa mistari iliyogeuka watu na watu waliogeuka vitu. Mwaka 1914 Winsor McCay wa Marekani akamleta Gertie, mnyama mkubwa wa zama zilizopita, aliyetii na kuasi amri za bwana wake. Na mwaka 1928 Walt Disney, katika Steamboat Willie, akaunganisha mchoro na sauti kwa ulinganifu uliofanya teke na mlio wake viwe tukio moja. Mashine ya sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde, basi mchezo wa dakika 5 una nafasi ya picha 7,200, na hakuna hata moja kati yake inayoingia kwa bahati. Mpiga picha akielekeza kamera yake sokoni ili alipate embe, hulipata pamoja na nzi, vumbi na nusu ya uso wa mpita njia. Mchoraji akitaka embe huchora embe. Kwa mwanafunzi wa lugha fadhila hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, maana linalomshinda si kuliona embe, ni kuwa na yakini kwamba neno lililotamkwa limekusudia embe wala halikumkusudia nzi.

Waliolichungua jambo hili kwa makini ya wanazuoni walikuwa Waingereza wawili wa Cambridge, C. K. Ogden na I. A. Richards. Mwaka 1930 Ogden alitoa mpango wake wa Basic English, Kiingereza kilichopunguzwa hata kikabaki na maneno 850: 600 ya vitu na mambo, 150 ya sifa, na 100 ya kuendeshea lugha, ambayo vitenzi ndani yake havikuzidi 18. Katika yale 600, alitenga maneno 200 akayaandika peke yake kuwa ni ya vitu vinavyoweza kuchorwa. Na mgawanyo huo pekee, hata kama mengine yote ya mpango wake yangesahauliwa, ungetosha kumpa heshima katika mafunzo ya lugha, kwa sababu alikuwa amepiga mpaka baina ya neno linalofundishika kwa kidole na neno linalohitaji njia nyingine. Winston Churchill alipofika Harvard mwezi wa Septemba mwaka 1943 aliusifu mpango huo mbele ya hadhara. Lakini sifa za wakuu hazikuufaa sana, ukafifia baada ya vita.

Richards ndiye aliyeitafuta ile njia nyingine. Alikuwa amesomesha Beijing kuanzia mwaka 1929, akaona kwa macho yake jinsi vijana wenye akili nyingi walivyosoma vitabu vikubwa vya Kiingereza bila ya kuyafahamu mambo madogo yaliyomo. Na alipokuwa amerudi huko kuueneza mpango wa Ogden, vita vya Wajapani na Wachina vilivyozuka mwaka 1937 viliuvunja. Alihamia Harvard mwaka 1939. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, ilipotakiwa mabaharia wa Kichina waliofunzwa Marekani wajue Kiingereza upesi, Richards alikwenda kwenye studio za Walt Disney huko California, akakaa na mafundi wa katuni, akajifunza kwao namna ya kuchora mtu kwa mistari michache isiyobeba kitu cha ziada. Mwanazuoni wa mashairi na wa falsafa ya maana, ambaye vitabu vyake vilikuwa vikisomwa katika vyuo vikuu vya dunia, aliketi na wachoraji wa panya na bata akawa mwanafunzi wao. Na tendo hilo naliheshimu kama ninavyoviheshimu vitabu vyake.

Tunda la safari hiyo lilionekana mwaka 1945, yeye na Christine Gibson walipotoa kitabu cha picha cha kufundishia Kiingereza, kilichoenea baadaye kwa jina la English Through Pictures. Watu wake ni wa vijiti: kichwa ni duara, kiwiliwili ni mstari. Mmojawapo anajionyesha kwa kidole, na neno la kwanza linafahamika. Anamwonyesha mwingine, na la pili linafahamika. Kisha huja ile kofia na meza, ambayo kila aliyejifunza kwa kitabu hicho huikumbuka: katika picha moja mkono umenyooka na kofia bado iko mezani, katika nyingine kofia iko hewani, katika nyingine imekwisha kufika ilikokusudiwa, na nyakati tatu za kitenzi, ambazo mwalimu wa sarufi huzitolea kaida na istilahi kwa wiki nzima, zimemwingia mwanafunzi pasipo hata neno moja la lugha yake kutumika. Ni katuni iliyokatwa vipande vitatu na kulazwa juu ya karatasi. Ilibaki mtu wa kuivusha kofia ile kwa mwendo wake wa kweli, na wa kuifanya ianguke juu ya kichwa kisichokuwa chake ili watazamaji wacheke.

Kuhusu kicheko yafaa nikae kidogo, maana waungwana wengi wa shule huhesabu kuwa ni pambo, au ni hila ya kumshika mtoto asikimbie. Mimi naona ni mtihani, tena mtihani usiodanganyika. Mwanafunzi akiulizwa na mwalimu kama amefahamu, huweza kuitika kwa adabu na hali hakufahamu. Huweza kukariri sentensi kumi na kupata alama zote. Lakini hawezi kucheka kwa wakati wake ila awe amefahamu kilichosemwa, na kilichotarajiwa, na jinsi kilichotokea kilivyokiuka kilichotarajiwa. Mhusika wa katuni akisema kwa majivuno kwamba mlango umefungwa, akauegemea, mlango ukafunguka akatumbukia ndani, yule aliyelijua neno la kufunga atacheka, na yule asiyelijua atalitafuta, kwa kuwa hapendi kuachwa nje ya furaha ya wenziwe. Tom na Jerry, walioanza kupigana mwaka 1940 kwa mikono ya William Hanna na Joseph Barbera, waliwazoeza walimwengu mwendo huo wa kutazamia na kushtukizwa. Hawakufundisha msamiati, maana aghalabu walinyamaza, lakini walifundisha mahali msamiati ungeweza kupandwa.

Waliopanda kwa taratibu na kwa vipimo walikuwa Wamarekani. Mwaka 1968 Joan Ganz Cooney na Lloyd Morrisett waliunda Children's Television Workshop, na tarehe 10 Novemba 1969 ukaanza mchezo wao wa Sesame Street, uliokusudiwa hasa watoto wa mafukara ambao hawakupata shule za awali. Walikuwa wameona kwamba watoto wasiojua herufi moja waliziimba nyimbo za matangazo ya bia bila ya kukosea. Wakasema, ikiwa tangazo la biashara linaweza kuuza bia kwa mtoto asiyeinywa, basi liuze herufi na hesabu. Hivyo baina ya vikaragosi na watu wakaingiza vipande vifupi vya katuni, vyenye muda wa tangazo na ucheshi wa tangazo. Kimojawapo cha mwanzo, cha mchoraji Tee Collins, kilimhusu mchawi wa kike Wanda ambaye nywele zake za bandia zilichukuliwa na upepo, na karibu kila neno la kisa hicho lilianza kwa herufi moja.

Lililowatofautisha watu hawa na wengine ni kwamba hawakutegemea dhana. Edward Palmer, aliyesimamia utafiti wao, aliweka televisheni upande mmoja na upande wa pili mashine iliyobadilisha picha nyingine kila baada ya sekunde chache, akaandika ni wakati gani macho ya mtoto yaliiacha televisheni. Na kipande kilichoachwa na macho kilitengenezwa upya au kilitupwa. Katika majaribio hayo waliwatazamisha watoto James Earl Jones, mwigizaji wa sauti nzito, akizitaja herufi polepole huku kila herufi ikitokea kabla ya kutajwa. Mara ya kwanza watoto walizitaja baada yake. Walipoona tena, walizitaja pamoja naye. Na walipokwisha kuona mara kadha wa kadha, walizitaja kabla yake. Msomaji aliyepitia chuoni Pwani, akafuatisha sauti ya maalimu hata akaipita, hataona ugeni katika habari hiyo. Mwaka 1971 kikundi hicho kikatoa The Electric Company kwa watoto wakubwa kidogo, na ndani yake katuni ya shujaa Letterman, ambaye adui yake alibadilisha herufi moja ya neno na kitu chenyewe kikageuka maafa, hata yeye aje na herufi iliyo sahihi.

Hayo yote yalikusudiwa wazaliwa wa Marekani. Waliomkusudia mgeni, asiyejua Kiingereza kabisa, walikuwa BBC, ambao tangu mwaka 1943 walikuwa wakifundisha lugha yao kwa redio, na tangu mwaka 1962, katika mchezo wa Walter na Connie, kwa televisheni pia. Mwaka 1986 walitoa Muzzy in Gondoland, katuni iliyotengenezwa na Richard Taylor, fundi ambaye kabla ya hapo alikuwa amewachorea watoto wa Uingereza maonyo ya hatari za moto na maji kwa kinywa cha paka aitwaye Charley. Kisa chenyewe ni cha namna ya ngano zetu. Pana mfalme aliye simba, malkia, na binti yao Sylvia. Pana Bob, panya mtunza bustani, ambaye hana mali ila pikipiki na moyo wake. Na pana Corvax, mwerevu mwenye husuda, ambaye humtaka binti mfalme kwa hila. Bob na Sylvia wakimbia, wakamatwa, Bob atiwa kifungoni, na humo akutana na Muzzy, jitu la manyoya lililoshuka kutoka mbinguni, ambalo chakula chake ni saa na vyuma. Corvax naye aamua kujitengenezea binti mfalme kwa kompyuta, na kompyuta ikakataa kusimama, ikatoa nakala baada ya nakala.

Nimekitazama kisa hicho kwa jicho la mtu wa lugha, nikaona kwamba hakuna tukio lililowekwa kwa mapambo. Wahusika waingia mmoja mmoja wakisalimu na kujitaja jina, na hapo mwanafunzi apata maamkizi na namna ya kujijulisha. Kila mmoja ajisifu kwa sifa yake, huyu nguvu, huyu uzuri, huyu werevu, na sifa hiyo ionekana mwilini mwake kabla haijatamkwa. Wanakula matunda wakitaja wanayoyapenda. Mfuasi wa Comenius angalisema ni sura ya kitabu cha bwana wake iliyopewa pumzi. Na baina ya matukio hutokea Norman, mtu ambaye kazi yake katika mchezo ni kuonyesha vitendo: apanda, ashuka, aenda, arudi, aanguka, na kila aangukapo kitenzi cha kuanguka kikaa mahali pake daima. Kofia ya Richards hatimaye ilikuwa imevuka meza. Katuni hiyo ilienea katika nchi nyingi, ikafuatwa mwaka 1989 na sehemu ya pili, tena ikatiwa katika Kifaransa, Kihispania na Kijerumani kwa ajili ya watoto wa Marekani, jambo linaloonyesha kwamba ustadi wake ulikuwa katika mpango wa picha kuliko katika lugha iliyovishwa.

Ilisaidiwa sana na kanda za video, kwa kuwa kwa mara ya kwanza mtoto aliweza kukitaka kipande kile kile mara nyingi kama apendavyo. Wazazi hukereka na tabia hiyo ya watoto, nao hukereka bure. Walipotengeneza mchezo wa Blue's Clues mwaka 1996, Wamarekani walikirudia kipindi kimoja siku 5 mfululizo, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba fahamu ya watoto ilizidi kwa marudio hayo, na ushiriki wao, yaani kuitika na kujibu skrini, ukazidi vilevile. Peppa Pig, iliyoanza Uingereza mwaka 2004 kwa vipande vya dakika 5 vya familia ya nguruwe, madimbwi ya tope na kicheko mwishoni, haikutungwa iwe darasa la wageni, lakini imekuwa darasa. Maana maneno yake ni ya kuamka, kuvaa, kula, kukohoa na kwenda kwa bibi, na hayo mgeni hayapati katika vitabu vinavyoanza na habari za Bunge.

Huku kwetu televisheni haikufika kwa pamoja. Kenya ilianza mwaka 1962, Zanzibar ikafuata mapema katika miaka ya 1970 kwa televisheni ya rangi, na Tanzania Bara ikakaa hata mwaka 1994. Katika Tanzania, tangu mwaka 1967, shule za msingi za serikali zilifundisha kwa Kiswahili, na shule za sekondari kwa Kiingereza. Na mtoto aliyevuka kutoka ya kwanza kwenda ya pili alijikuta anafundishwa hesabu na elimu ya viumbe kwa lugha ambayo hakuwahi kuomba maji kwayo. Kwa mtoto huyo msamiati wa kila siku haukuwa anasa. Mwaka 2010 zilitoka katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo wa uchoraji uliotokana na Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam, ambamo hadithi za wanyama wa Afrika zilisimuliwa kwa Kiingereza kwa watoto wa Uingereza na kwingineko. Basi simba, kobe na nyani wetu wakawa nao walimu wa lugha hiyo. Na mjini Dar es Salaam shirika la Ubongo, lililoanza kuonyesha katuni ya Ubongo Kids mwaka 2014, lilimleta baadaye Akili, mtoto wa miaka minne akaaye chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye usiku katika ndoto huenda Lala Land kwa rafiki zake wanyama. Utafiti uliofanywa Morogoro juu ya watoto waliomtazama ulichapishwa mwaka 2018, ukaonyesha kwamba waliendelea katika kuhesabu, kuchora, kujua maumbo, na katika maneno ya Kiingereza pia. Naliona jambo hili kuwa na uzito, kwa kuwa mtoto wa Morogoro alifundishwa na picha iliyomfahamu yeye na nyumba yao, wala hakulazimishwa kucheka kwa mambo ya theluji.

Hata hivyo si haki kuisifu katuni kwa isichokiweza. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenziwe mjini Seattle waliwasikilizisha Kichina watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi tisa: waliokisikia wakichezeshwa na mtu aliye hai mbele yao walizitambua sauti za lugha hiyo, na waliooneshwa mtu yule yule katika televisheni hawakupata kitu. Hao walikuwa wachanga, na mwenye miaka mitano huweza mengi kuliko wao. Lakini hata mwenye miaka mitano, akiachwa na skrini asubuhi hata jioni, hujaza masikio maneno ambayo ulimi wake haujayajaribu, kwa kuwa Norman huanguka vizuri ila hajibu akiulizwa kama ameumia.

Kwa hiyo nawaomba wazazi na walimu wanaowawekea watoto vipande hivi katika simu na televisheni, wasiwape mashine wakaondoka. Chagueni kipande kifupi, cha maneno mtakayoyatumia siku hiyo hiyo, ya sahani, mlango, viatu na mvua, kaeni na mtoto, kirudieni atakapo kukirudia, na kitakapokwisha, muulizeni kwa Kiingereza hicho hicho ni nani aliyeanguka na aliangukia wapi, mkubali jibu lake lolote litakalokuja, hata likiwa la neno moja.